Harbour Haiwezi Kumaliza ya Pili

Kila Jumamosi asubuhi, mtangazaji Sagesse alipomaliza kusoma bei za samaki za ng'ambo ya Ziwa Mweru, redio ya jamii ilimkaribisha Kocha Ambroise azipime timu za wilaya, na kila Jumamosi Kocha Ambroise aliipima Harbour kwa mizani iliyochezewa. Timu nyingine alizitendea haki. Timu ya Boma, ambayo ilikuwa imekwisha kujinyakulia nafasi ya kwanza, aliisifu bila kuumia popote. Vijana wa Kilwa, kisiwa cha humo ziwani, wanaofika uwanjani nguo zikiwa bado zimeloa maji ya safari, aliwatetea kama wanawe. Lakini ikitajwa Harbour ya Kashikishi, sauti ilibadilika. Wakishinda, uwanja ulikuwa na mteremko. Wakishinda tena, mwamuzi alikuwa na ugonjwa wa macho. Siku walipoichapa Chisenga mabao manne, Ambroise alitamka hewani kwamba bao la nne lilikuwa la kukosa adabu.

Huko Mantapala, kwenye makazi ya wakimbizi Wakongo upande wa Zambia, watu waliacha jembe shambani waje kumsikiliza. Walicheka mpaka wakakohoa. Ambroise alidhani wanacheka kwa sababu anasema kweli.

Mzizi wa yote ulikuwa Chiti, kocha wa Harbour. Zamani Chiti alikuwa kijana wa Kashikishi anayeleta chisense, dagaa wale wadogo wa Mweru, kwa baiskeli mpaka Mantapala. Akimaliza kuuza, harudi kwao; anakaa kando ya uwanja kutazama Étoile, timu ya Ambroise, ikifanya mazoezi. Siku moja Ambroise akamwambia abebe mipira. Akaibeba. Baadaye akamwachia filimbi. Misimu miwili Chiti alikuwa msaidizi wake, akijifunza kila kitu, isipokuwa Kiswahili kilichobaki cha sokoni, kuanzia namna ya kupanga mabeki mpaka namna ya kukunja mikono kifuani timu inapofungwa. Kisha akaaga kwa heshima zote, akarudi bandarini, akaunda timu yake mwenyewe kwa vijana wa mashua.

Angeshindwa, Ambroise angempenda kama mtoto wake wa kumzaa. Tatizo ni kwamba hakushindwa. Zikiwa zimebaki mechi chache ligi iishe, Harbour walikuwa wa pili, na Étoile wa tatu, pointi moja nyuma. Timu mbili tu ndizo zinazopanda ligi ya jimbo. Na Étoile ilikuwa imekwisha kukosa nafasi hiyo mara nyingi kiasi kwamba vijana walichoka kungoja. Waliapa kwamba wakibaki chini safari hii, kila mtu atatafuta timu yake. Méschac, nahodha, ambaye Ambroise alimfundisha kupiga mpira akiwa hajaota jino la mbele la pili, alikuwa tayari ameitwa na Harbour. Hajajibu. Kutojibu kwake ndiko kulikomnyima Ambroise hamu ya kula.

Juu ya hayo, Chiti alikuwa na adabu. Angekuwa na majivuno, kazi ya kumchukia ingekuwa nyepesi.

Wiki chache kabla ya mechi ya mwisho, Ambroise alimsindikiza mkewe Pierrette sokoni Kashikishi. Alisema anakwenda kumsaidia kubeba mzigo. Pierrette, ambaye miaka yote alibeba mzigo wake mwenyewe, alimtazama kidogo akamkabidhi kikapu. Hawajafika hata kwenye vichanja vya samaki, Chiti akatokea, amevaa koti la michezo lililoandikwa COACH mgongoni. Alichutama nusu, akapiga makofi ya polepole kama wafanyavyo Wabemba mbele ya mkubwa.

"Mwapoleni mukwai, mwalimu."

"Eh. Jambo," alijibu Ambroise, macho kwenye koti.

Chiti alipoondoka, Pierrette akasema, "Ule kijana eko na adabu, kweli."

"Adabu ya nini? Ile koti njo inamufanya eko na adabu."

Walimkuta Beauty, mwanamke mnene wa Kibemba mwenye mashua kadhaa, ambaye nusu ya wachezaji wa Harbour walimfanyia kazi. Alikuwa akimpimia Pierrette chisense kwenye beseni. Nyuma yake, juu ya rundo la nyavu, kipa wa Harbour, Saviour, alikuwa amelala kama mfu, kinywa wazi, taa ya kuvulia imekumbatiwa kifuani. Jua lilikuwa kali usoni kwake, na nzi alikuwa akitembea juu ya mdomo wake bila kusumbuliwa na mtu.

"Huyu anagonjwa?" aliuliza Ambroise.

"Hapana gonjwa," alisema Beauty kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Sasa giza. Mwezi hapana. Taa inafanya kazi usiku yote. Hawa bote hapana lala."

Ambroise alisimama palepale. Mtu yeyote wa Mweru anajua kwamba chisense huifuata taa pale tu mwezi unapokuwa haupo. Mwezi ukiwaka, taa haina maana na wavuvi hulala majumbani mwao. Jambo hilo hata watoto wanalijua. Lakini hakuna aliyewahi kulichukua na kuliweka juu ya ratiba ya ligi. Ambroise aliliweka sasa, akilini, mbele ya beseni la samaki. Siku Harbour walipofungwa na Boma: giza. Siku walipotoka sare na timu ya mkiani, ile sare iliyoshangaza wilaya nzima: giza. Mabao manne dhidi ya Chisenga: mwezi mpevu, na vijana walikuwa wamelala usingizi wa wiki nzima. Na mechi ya mwisho, Harbour dhidi ya Étoile, Jumapili baada ya misa, itaangukia wapi? Alihesabu kwa vidole chini ya koti lake. Itaangukia katikati ya giza.

"Unacheka nini?" aliuliza Pierrette.

"Sicheke."

"Unacheka, Papa. Meno yote iko inje."

Hakumwambia. Hakumwambia mtu yeyote, hata Méschac. Siri ya mtungi aijuaye kata, na yeye alitaka kuwa kata peke yake. Alitembea Mantapala akiwa amejaa lile jambo kama mtu aliyekula harusini. Kazi yake ilikuwa moja tu: kufunga mdomo mpaka Jumapili ya mwisho. Mtoto mchanga angeiweza.

Jumamosi, siku nane kabla ya mechi, aliketi mbele ya kipaza sauti akiwa ameazimia kusema machache. Sagesse alisoma bei za ng'ambo, akacheza wimbo, kisha akamgeukia.

"Papa Ambroise, batu banatuma message mingi. Huyu wa Boma anasema: Coach Chiti eko na akili kupita ba coach bote ba Mweru. Weye unasema je?"

Ambroise akameza mate. "Kila mutu eko na maono yake."

"Bon. Na huyu mwingine anasema: Harbour bamekwisha kumaliza ba pili, Étoile bakuye tu kusalimia."

"Mpira ni dakika makumi tisa," alisema Ambroise, na jasho lilikuwa limeanza kumtoka kwenye paji.

"Na ya mwisho. Anauliza: Coach Chiti alifundishwa na nani? Rafiki yake anamujibu: hakuna mutu alimufundisha, alijifundisha yeye mwenyewe."

Hapo kitu kikakatika. Misimu miwili! Filimbi yake, mabeki wake, hata ile mikono ya kukunja kifuani ilikuwa yake! Ambroise alikisogelea kipaza sauti mpaka ndevu zikakigusa.

"Alijifundisha mwenyewe? Sikieni, minawaambia. Harbour haiwezi kumaliza ya pili. Haiwezi! Na miye njo naona, hakuna mutu mwingine anaona. Bale batoto ni batu ba mashua. Mwezi ikiwaka, banalala, banashinda. Giza ikiingia, banashika taa, hawalale, banaanguka. Muangalie: kila fasi balianguka, ilikuwa giza. Saviour, kipa yao, mi nilimuona analala juu ya nyavu mu jua kali, nzi inamutembelea! Na Jumapili ya mechi ni nini? Giza! Coach mwenye akili angeona ile. Chiti hakuona. Mi njo nimeona."

Ambroise aliegemea kiti, na raha iliyomshika ilikuwa tamu kupita hata bao la dakika ya mwisho.

Sagesse alifunika kipaza sauti kwa kiganja. "Papa, na bale ba Harbour bakisikia?"

"Batasikia wapi? Ni saa ya Kiswahili hii. Babemba banajua Kiswahili ya soko tu: samaki, beseni, ngapi, punguza."

Na wala hakuwa peke yake katika kosa hilo. Jioni ile vijana wa Étoile walikuja mazoezini wakicheza ngoma. Mantapala nzima iliamini kwamba Kiswahili ni nyumba yao, mlango umefungwa, na kinachosemwa ndani hakitoki. Méschac mwenyewe alimkumbatia. "Coach, kumbe uliona ile! Tutabakimbiza mupaka bafe." Pierrette pekee ndiye hakucheza. Alisema tu kwamba mdomo huponza kichwa, akaenda kuchota maji.

Jumapili ya mechi, pointi ile moja ikiwa bado kati yao, uwanja wa wilaya pale Nchelenge ulijaa kiasi kwamba watu walisimama juu ya mstari. Ambroise aliwapa vijana wake amri moja: wakimbie. Wasitunze nguvu, wawakimbize Harbour kipindi chote cha kwanza, kwa sababu watu wasiolala miguu yao huisha mapema, na baada ya mapumziko Étoile watakuwa wanaokota mabao kama maembe.

Wakakimbia. Méschac alifunga bao mapema, na Mantapala ikaimba. Étoile walizunguka uwanja kama nyuki, na Ambroise alikunja mikono yake kifuani akamtupia Chiti jicho upande wa pili. Chiti naye alikuwa amekunja yake. Lakini mapumziko yalipofika, Ambroise aliikunjua mikono. Vijana wake walianguka chini wote, wakahema, wakajimwagia maji. Vijana wa Harbour walikuwa wamesimama. Wanapiga soga. Saviour alikuwa akirukaruka mlangoni pake kwa kujifurahisha tu, macho meupe, uso wa mtu aliyeshiba usingizi wa siku nyingi.

"Balilala," alinong'ona Ambroise. Hakuna aliyemsikia.

Kipindi cha pili hakikuhitaji kocha. Étoile walikuwa wamejimaliza wenyewe kwa amri yake. Harbour walisawazisha, kisha wakaongeza, na karibu na mwisho, Méschac alipobaki yeye na Saviour peke yao na Mantapala nzima imeshika kichwa, Saviour aliruka akautoa mpira kwa ncha za vidole. Mbili kwa moja. Harbour wakamaliza wa pili. Kashikishi ikaingia uwanjani na ngoma na masufuria, na Ambroise akabaki pale alipo, kwa maana mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.

Hayo yangetosha kwa siku moja. Lakini umati ulipasuka katikati, akatokea Beauty na beseni kichwani, beseni kubwa la chisense waliokauka vizuri, wakimeta. Nyuma yake alikuwa Chiti. Beauty alilitua beseni miguuni pa Ambroise, mbele ya timu yake yote, mbele ya Pierrette, mbele ya Mantapala. Chiti akachutama akapiga makofi ya shukrani.

"Natotela sana, mukwai. Mwalimu alisema ku redio: giza, taa, hapana lala, hapana shinda. Miye sikuona. Mwalimu aliona. Mwalimu alijua tunacheza na yeye, na alituambia."

"Miye njo nilisikia," alisema Beauty, amejaa furaha. "Kila Saturday nafungua redio yenu, nasikiliza bei ya ng'ambo. Maneno mingine yote hapana sikia. Lakini siku ile mzee anasema taa, anasema mashua, anasema giza, nyavu, lala. Eh! Ile yote ni maneno yangu! Nikaenda kwa Chiti. Wiki hii batoto balilala, mashemasi ba kanisa yetu njo balienda na taa. Shemasi mukubwa alianguka mu maji mara mbili." Alicheka mpaka machozi. "Hii samaki, ile mashemasi balishika. Ni yenu."

Ambroise alilitazama beseni. Samaki, beseni, taa, mashua, giza. Alikuwa amekwenda redioni na maneno ya sokoni matupu, akayamwaga moja moja, na hakuna mwanamke wa Kashikishi ambaye angeshindwa kuyaokota.

Alipoinua macho, alikutana na ya Méschac. Nahodha alikuwa hatazami Harbour. Alikuwa akilitazama beseni.

"Coach," alisema, na sauti yake ilikuwa ya chini. "Balikupa nini ingine?"

"Nini?"

"Hii samaki ni ya nini? Ulibaambia makusudi? Halafu sisi ukatuambia tukimbie mupaka tufe?" Nyuma yake vijana wengine walikuwa wanasogea, fulana mkononi. Mmoja alisema neno "kuuza". Mwingine akalirudia kwa nguvu zaidi.

Chiti, ambaye hakuelewa, bado alikuwa amechutama na tabasamu la shukrani usoni. Na Ambroise aliona njia zilizokuwa mbele yake. Angeweza kuipokea ile heshima, awe mwalimu mkubwa wa moyo mweupe aliyemsaidia hata mpinzani. Kashikishi ingemwimba, na Mantapala ingemwita msaliti mpaka kufa kwake, na Étoile ingeishia hapa hapa kwenye nyasi. Au angesema kweli, mbele ya Chiti, mbele ya lile koti. Alitamani ardhi ipasuke. Ardhi ya Nchelenge ilikaa kimya.

"Hawakunipa kitu," alisema. "Na sikutaka kubasaidia. Nilitaka baanguke."

"Sasa kwa nini ulisema?"

"Wivu."

Alilisema kwa sauti ndogo. Méschac akasema hakusikia.

"Wivu!" alipiga kelele Ambroise, na sasa hata wapiga masufuria walinyamaza. "Batu balisema Chiti alijifundisha mwenyewe. Roho iliniuma. Nilikuwa na kitu ya kutupandisha, nilipashwa kufunga kinywa tu, mais sikuweza, ju nilitaka batu bajue ni miye niko na akili kumupita. Njo ile. Hakuna kitu ingine. Kila Saturday ni wivu, tangu siku alitoka na filimbi yangu ku shingo."

Kisha Pierrette, aliyekuwa amesimama pembeni na kitenge chake cha kanisani, akainua mkono kama mtu aliyeitwa na hakimu.

"Hiyo ni kweli. Mi njo bibi yake, nashuhudia. Hata mu ndoto anasema Chiti aliotea."

Kicheko kilianzia kwa wanawake, kikapita kwa wachezaji, kikamfikia Sagesse aliyekuwa na kinasa sauti chake. Hakuna aliyetaka ushahidi zaidi. Kumbe wilaya nzima ilikuwa ikiujua wivu wa Ambroise kwa miaka, kila Jumamosi asubuhi, baada tu ya bei za samaki. Mtu pekee aliyekuwa akifichwa ni yeye. Mtu mmoja alimtafsiria Chiti kwa Kibemba. Tabasamu lake lilikufa polepole, akasimama, akavuta mkono wa koti lake. Mwishowe akapiga makofi tena, mara chache tu, akaenda kwa watu wake. Makofi yale yalimuuma Ambroise kuliko mabao mawili.

Méschac hakuwa amecheka. Alikaa juu ya nyasi, akafungua kamba za viatu, akazifunga tena.

"Harbour baliniambia nibajibu leo," alisema.

"Najua."

"Leo Saviour alitoa ile mpira yangu, mi nilitaka kumupiga. Nilikuwa na wivu naye kiasi nilisikia tumbo inauma." Akasimama, akashika upande mmoja wa beseni. "Shika huku, Coach. Inakuwa muzito."

Wakalibeba, mmoja huku na mwingine huku, kuelekea kwenye gari la kukodi ambapo wengine walikuwa wakipakia. Pierrette alitangulia. Walivuka goli, lile ambalo Saviour alikuwa amelilinda.

"Mwaka inayokuya," alisema Méschac, "ukiona kitu, utaniambia mi kwanza. Redio nyuma."

Mwaka inayokuya. Ambroise alitaka kumwomba aseme tena, akaogopa. "Wewe kwanza," alisema.

"Bon. Na sasa, Harbour kule ku jimbo, batamaliza ba ngapi? Sema kweli."

Ambroise alifungua mdomo kusema wa mwisho. Jibu lilikuwa tayari ulimini, pamoja na mteremko wa uwanja na macho ya mwamuzi. Nyuma yao Kashikishi ilikuwa ikiimba jina la Chiti. Alifikiria vijana waliolala vizuri, na kocha ambaye akiambiwa kosa lake hakasiriki, analirekebisha kabla ya Jumapili.

"Ba pili," alisema. "Labda ba kwanza."

Roho ilimuuma vilevile. Akabadilisha mkono, wakaendelea kubeba.